Semei Kakungulu: Jenerali aliyenyimwa ufalme akaanzisha jamii ya Wayahudi

Ukipanda matatu mjini Nyeri, ukapita Mweiga na Ndaragwa hadi Nyahururu, kisha ukashika barabara ya kwenda Ol Kalou, utafika kituo kidogo kinachoitwa Kasuku. Ni nchi ya viazi, maziwa na baridi ya asubuhi inayouma masikio. Hapo kuna familia kadhaa ambazo jua likitua Ijumaa, jembe huwekwa chini hadi Jumamosi jioni. Nyama ya nguruwe hawagusi. Sheria wanayoifuata inataka mtoto wa kiume atahiriwe akiwa na siku nane, si akibalehe kama wenzake wa kijijini. Ni Wayahudi, na ni Wakikuyu wa hapa hapa Mlima Kenya.

Mtu akisikia habari hizi mara ya kwanza huuliza swali moja: ati nani aliwapa ruhusa? Uyahudi si ni wa watu wa Israeli na jamaa zao waliotawanyika Ulaya na Marekani? Mwafrika anauingiaje bila kualikwa?

Swali hilo liliulizwa kitambo, kabla ya mababu wa vijana wa Kasuku kuzaliwa. Liliulizwa Mbale, mashariki mwa Uganda, mji ambao baadhi ya watu wa Kasuku wamekuwa wakienda kujifunza dini yao. Aliyeulizwa alikuwa jenerali mstaafu mwenye ardhi kubwa, hasira nyingi na Biblia iliyochakaa kwa kusomwa. Jina lake Semei Kakungulu.

Mwindaji wa ndovu

Kakungulu alizaliwa karibu mwaka 1869. Alikulia Koki, ufalme mdogo uliokuwa kusini magharibi mwa Buganda. Hakuzaliwa katika ukoo mkubwa wa Waganda, na jambo hilo lilimfuata maisha yake yote. Kilichompandisha kilikuwa bunduki. Katika miaka ya 1880 aliingia Buganda ya Kabaka Mwanga akiwa kijana mwindaji wa ndovu, wakati ambapo pembe ndizo zilizokuwa pesa na mwenye shabaha hakosi kazi.

Huko alikutana na wamisionari wa Kiprotestanti. Inasimuliwa kwamba Maandiko aliyoanza kuyasoma yalikuwa ya Kiswahili, kwa sababu Biblia ya Kiganda ilikuwa haijakamilika. Tunza kisa hicho kidogo, kwa sababu kila kitu kilichokuja baadaye kilianzia hapo: Kakungulu alijua kusoma, na alipenda kujisomea bila kungoja kusomewa.

Buganda ya siku hizo haikuwa na amani. Kati ya 1888 na 1892 Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti walipigana, wakafukuzana, wakaweka na kuwaondoa wafalme. Kakungulu alikuwa upande wa Waprotestanti na alipigana vizuri kuliko wengi. Alipewa cheo cha Kimbugwe, mojawapo ya vyeo vikubwa katika ikulu ya Kabaka. Akamwoa binti mfalme, Nakalema. Mtoto wa Koki alikuwa amefika mbali.

Lakini fahali wawili hawakai zizi moja. Fahali mwingine alikuwa Apolo Kagwa, Katikiro wa Buganda, yaani waziri mkuu. Kagwa alikuwa na kalamu, ofisi na masikio ya Waingereza. Kakungulu alikuwa na askari waliompenda. Wawili hao hawakuelewana, na kadiri vita vilivyopungua ndivyo wenye kalamu walivyozidi nguvu. Kakungulu alianza kutazama mashariki, ambako bado kulikuwa na nafasi ya mtu wa bunduki.

Kazi chafu ya dola

Aprili 1899, Kakungulu alikuwa miongoni mwa waliowakamata wafalme wawili kwa mpigo katika nchi ya Lango: Kabalega wa Bunyoro na Mwanga, yule yule aliyewahi kuwa kabaka wake. Kabalega alipigwa risasi, akapoteza mkono. Wote wawili walipelekwa uhamishoni Ushelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 lakini akafia njiani, Jinja, kabla ya kuiona Bunyoro.

Kwa Waingereza, hiyo ilikuwa kazi safi. Wakamwachia Kakungulu njia ya kuingia maeneo ya mashariki ya Ziwa Kyoga, ambayo Waganda waliyaita Bukedi, jina la dharau lenye maana ya nchi ya watu walio uchi. Aliingia na jeshi lake, akajenga ngome moja baada ya nyingine, akaweka Waganda wake kuwa watawala juu ya Wateso, Wagisu, Wagwere na wengine. Alichonga barabara na kupanda miti kando yake, na akaanzisha makao ambayo yamekuwa mji wa Mbale.

Tusimpake mafuta. Barabara hizo zilichongwa kwa jasho la watu ambao hawakuulizwa kama wanazitaka. Ng'ombe walichukuliwa, waliopinga waliuawa, na mfumo wa kuwatawala watu wa mashariki kupitia mawakala wa Kiganda uliacha uchungu uliodumu miaka mingi. Waingereza walifurahi kwa sababu nchi kubwa ilitiwa mkononi mwao bila wao kutoa askari wengi wala senti nyingi.

Malipo aliyotarajia Kakungulu yalikuwa ufalme. Baada ya mazungumzo na Harry Johnston, mjumbe maalumu wa Uingereza aliyekuja kupanga utawala wa Uganda, aliamini kabisa kwamba ameahidiwa kuwa Kabaka wa Bukedi. Akaanza kujiita hivyo na kuishi hivyo. Kisha mwaka 1902 Waingereza wakamruka. Walimwondoa madarakani na kuchukua nchi aliyoiteka. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa maili 20 za mraba za ardhi eneo la Mbale. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni ardhi kubwa ajabu, lakini kwa aliyejiona mfalme ni kifuta machozi.

Mwaka 1906 walimpeleka Busoga kuongoza baraza la machifu, na mwaka 1913 kazi hiyo ikaisha. Akarudi Mbale akiwa na umri wa miaka arobaini na kitu. Kufikia hapo alikuwa na ardhi, wafuasi na heshima ya zamani, lakini hakuwa na kiti.

Wakati huo huo, ng'ambo ya Mlima Elgon

Hapa kuna jambo ambalo Kakungulu huenda hakulijua, nasi hatuwezi kuliruka.

Mwaka 1903, siku zile Kakungulu anapanga upya maisha yake upande wa magharibi wa Mlima Elgon, serikali hiyo hiyo ya Uingereza ilikuwa ikitoa ardhi upande wa pili. Wayahudi wa Urusi na Ulaya Mashariki walikuwa wakiuawa na kuchomewa nyumba, na waziri wa makoloni, Joseph Chamberlain, alipendekeza wapewe nchi Afrika Mashariki. Ardhi iliyotazamwa ilikuwa uwanda wa Uasin Gishu, ambako leo ni Eldoret na viunga vyake. Mpango huo unaitwa hadi leo Mpango wa Uganda, kwa kuwa eneo hilo lilikuwa sehemu ya Uganda hadi 1902. Theodor Herzl aliuleta mbele ya mkutano wa Wazayuni mjini Basel na nusura mkutano uvunjike. Wajumbe walitumwa kukagua ardhi, wakarudi bila hamu, na mwaka 1905 mpango ukakataliwa. Wanandi na Wamaasai waliokuwa wakilisha mifugo yao huko hawakuulizwa lolote.

Wayahudi wachache kutoka Ulaya na Afrika Kusini walikuja hata hivyo, na mwaka 1904 wakaanzisha jumuiya yao Nairobi. Lakini taifa la Wayahudi chini ya Mlima Elgon lilibaki kwenye makaratasi ya London. Miaka 16 baada ya Chamberlain kutoa ahadi yake, Wayahudi walitokea Elgon. Hawakuja kwa meli wala hawakutumwa na mtu.

Mtu na Biblia yake

Karibu mwaka 1914 dini mpya iliibuka Buganda. Iliongozwa na Malaki Musajjakawa na chifu mkubwa aliyeitwa Joswa Kate Mugema, na wafuasi wake waliitwa Abamalaki. Walikuwa wamesoma Maandiko na kufikia uamuzi wao: Mungu mmoja anaweza yote, kwa hivyo dawa za hospitali hazihitajiki, wala chanjo za watu au za ng'ombe. Waliheshimu Jumamosi kuwa siku ya kupumzika. Walibatiza watu haraka bila masomo marefu ya misheni, na makumi ya maelfu wakawafuata. Serikali iliyokuwa ikipambana na magonjwa ya mifugo iliwaona kuwa kero kubwa.

Kama umekulia Nyeri, Karatina au Kerugoya, jambo hili si geni kwako. Umewaona Akorino na vilemba vyao vyeupe. Wao pia walizaliwa wakati wa ukoloni kutokana na watu waliochukua Biblia ya misheni, wakaisoma wenyewe, wakaona mambo ambayo wamisionari hawakuyasisitiza. Makanisa huru ya Gikuyu yaliyojitenga na misheni baada ya mzozo wa 1929 nayo yalitokana na ubishi juu ya nani ana mamlaka ya kusema Mungu anataka nini. Mmisionari alileta kitabu akidhani analeta pia maana yake. Watu wakachukua kitabu, na maana wakajitafutia.

Kakungulu alijiunga na Abamalaki. Kwake hiyo ilikuwa dini, na pia ilikuwa njia ya kuwaonyesha Waingereza kisogo. Haina haja kuchagua moja kati ya hizo mbili, kwani mtu anaweza kumkasirikia mkubwa wake na bado akamtafuta Mungu kwa moyo wote. Ila alikuwa na tabia moja iliyomtofautisha na wenzake. Hakuacha kusoma. Na kadiri alivyosoma vitabu vitano vya Musa, ndivyo alivyoona kuna mambo yameachwa. Mungu alimwambia Abrahamu agano ni tohara. Je, ni nani aliyelifuta?

1919

Mwaka 1919 aliuleta mjadala huo mbele ya wenzake wa Abamalaki. Kwa mvulana wa Mlima Kenya tohara ni jambo la kila mtu, lakini Buganda haikuwa hivyo. Waganda hawakuwa na jadi ya kutahiri, na aliyetahiriwa alihesabiwa kuwa Mwislamu. Pale Mbale Wagisu, ndugu wa Wabukusu wa kwetu, walikuwa na tohara yao ya imbalu, lakini hao walikuwa watu aliowateka, na Waganda wengi hawakuona cha kuiga kwao. Abamalaki walimkatalia. Walimwambia kwamba mambo hayo ni ya Wayahudi, na akitahiri atakuwa mmoja wao.

Walidhani wamemfunga mdomo. Kumbe walikuwa wamemwonyesha mlango. Kakungulu aliwajibu kwamba ikiwa hivyo ndivyo, basi yeye ni Myahudi.

Hakuishia kwenye maneno. Alitahiriwa akiwa mtu mzima wa miaka karibu 50, akawatahiri wanawe, na waliokuwa tayari kumfuata wakafanya hivyo hivyo. Aliachana na Abamalaki, akakaa na watu wake Gangama, kwenye miteremko ya Elgon karibu na Mbale. Kundi hilo alilipa jina refu la Kiganda lenye maana ya jamii ya Wayahudi wanaomtumaini Mungu. Watu wakalifupisha: Abayudaya, yaani Wayahudi.

Hebu jiweke mahali pake. Wakati huo hapakuwa na rabi kati ya Mombasa na Ziwa Victoria aliyemtambua. Wayahudi wa Nairobi walikuwa wachache, wazungu, na wala hakuna ushahidi kwamba walijua kuna jenerali wa Kiganda anajiita ndugu yao. Waingereza walikasirika na kumtenga. Misheni zilimwona amepotea. Hata Kiebrania hakukijua. Alichokuwa nacho ni kitabu, ardhi na watu waliomwamini.

Vitu hivyo vitatu ndivyo alivyovitumia. Ardhi ilikuwa muhimu kuliko inavyoonekana, kwa sababu mtu anayebadilisha dini hupoteza jirani, na pengine shamba la ukoo. Aliyekuja kwa Kakungulu alipata mahali pa kulima. Watu walipewa majina ya Agano la Kale. Mwaka 1922 alichapisha kitabu cha Kiganda cha kurasa 90 hivi, chenye maombi na maagizo ya jinsi ya kuishi kwa kufuata Torati. Fikiria hilo: miaka mitatu tu baada ya kuanza, kundi lisilo na mwalimu lilikuwa na kitabu chake chenyewe, katika lugha ambayo kila mfuasi aliielewa.

Dini yenyewe ilikuwa bado mchanganyiko. Agano Jipya lilikuwa halijawekwa kando kabisa na ubatizo uliendelea. Myahudi wa Vilna au Jerusalem angeshangaa. Lakini Kakungulu hakuwa na wa kumsahihisha, na alipompata hakuona aibu.

Mgeni anayeitwa Yosef

Katika miaka ya 1920 Abayudaya walipata mgeni, Myahudi ambaye kumbukumbu ya jamii inamtaja kwa jina moja tu, Yosef. Alikaa nao karibu miezi sita.

Hapo ndipo utaona ukubwa wa Kakungulu. Alikuwa mtu aliyewahi kuwakamata wafalme, mwenye watu wanaomsujudia, na sasa mgeni anamwambia kwamba nusu ya mambo anayofanya siyo. Kwamba Wayahudi hawabatizi. Kwamba kuna kalenda inayofuata mwezi, na sikukuu zina siku zake: Pasaka, Mwaka Mpya, Siku ya Upatanisho, Sikukuu ya Vibanda. Kwamba kuchinja kuna sheria zake na vyakula vingine havichanganywi. Kakungulu aliketi kama mwanafunzi. Alibadilisha alichohitaji kubadilisha, kisha akaanzisha shule ili vijana wafundishwe yote ambayo Yosef alikuwa ameyaleta kabla hayajasahaulika.

Katika maisha yake yote ya jeshi, Kakungulu alijenga vitu vilivyomtegemea yeye. Ngome zilikuwa zake, askari walikuwa wake, na Waingereza walipomwondoa yeye, nchi aliyoiteka ikaingia mikononi mwao. Safari hii alijenga kitu ambacho kingeweza kuendeshwa na mtu mwingine. Watu walikuwa na kitabu, walijua tarehe za sikukuu, na kulikuwa na vijana waliofundishwa kusoma.

Semei Kakungulu alifariki Novemba 1928 na kuzikwa Gangama. Inakadiriwa aliacha wafuasi wapatao 2,000.

Mtihani ulikuja baadaye

Jamii nyingi za aina hii hufa na mwanzilishi wake. Baada ya 1928 wengi walirudi kwenye Ukristo. Waliobaki waliongozwa na Samson Mugombe, mmoja wa wanafunzi wake, na kwa miaka mingi waliishi kama kisiwa, wakioana wenyewe na kuhesabu sikukuu zao kimya kimya. Mwaka 1962 Arye Oded, Mwisraeli aliyekuwa akisoma Makerere, aliwatembelea na kukutana na Mugombe, na habari zao zikaanza kufika nje.

Kisha akaja Idi Amin. Baada ya kuvunja uhusiano na Israeli mwaka 1972 alipiga marufuku Uyahudi, na sinagogi zikafungwa au kubomolewa. Kusali kukawa kosa. Wengi waliingia Uislamu au Ukristo ili waishi, na hakuna wa kuwalaumu. Karibu watu 300 walishikilia, wakisali kwa siri na kuhofia kusikiwa na jirani. Kampala iliangukia majeshi ya Tanzania na wapiganaji wa Uganda tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ya siku hiyo hiyo, kwa kalenda ambayo Yosef aliwafundisha wazee wao, ilikuwa mkesha wa Pasaka, sikukuu ya kukumbuka kutoka utumwani Misri. Kwa Abayudaya hilo halihitaji kufafanuliwa.

Leo hesabu yao imepanda hadi maelfu, na kitovu chao ni kilima cha Nabugoye nje kidogo ya Mbale. Mwaka 2002 marabi wa mkondo wa Kihafidhina kutoka ng'ambo walikuja na kuwaingiza rasmi mamia yao katika Uyahudi. Kwa wazee waliosali mafichoni enzi za Amin, kuambiwa waingie upya kwenye dini yao kulikuwa kumeza kidonge kichungu, na hata sasa kuna waliochagua mkondo wa Kiorthodoksi badala yake. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mjukuu wa mmoja wa wazee wa jamii hiyo, alihitimu urabi Los Angeles akarudi nyumbani kuongoza. Mwaka 2004 J.J. Keki, Myahudi wa huko Mbale, alianzisha ushirika wa kahawa wa Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, ambamo Wayahudi, Wakristo na Waislamu huuza kahawa yao pamoja. Mkulima wa Othaya au Mathira anayejua siasa za ushirika wa kahawa anaelewa kwamba kuwaweka watu hao wote kwenye mizani moja si kazi ndogo.

Kutoka Mbale hadi Kasuku

Mlima Kenya si mgeni kwa Wayahudi. Ol Joro Orok, karibu kabisa na Kasuku, ndiko alikokulia Stefanie Zweig, mtoto wa familia iliyowakimbia Wanazi wa Ujerumani mwaka 1938. Riwaya aliyoiandika baadaye juu ya maisha hayo ilitengenezewa filamu iliyoshinda tuzo ya Oscar mwaka 2003. Familia yake ilirudi Ulaya baada ya vita.

Jamii ya Kasuku haikutokana na hao. Ilianza kama ya Kakungulu, yaani kwa kusoma. Walikuwa katika kanisa lililochanganya Yesu na desturi za Kiyahudi, wakaanza kuuliza maswali, wakatafuta Wayahudi wa Nairobi, wakagundua kwamba wanachofanya siyo Uyahudi wenyewe. Wangeweza kukasirika na kwenda zao. Badala yake waliacha walichohitaji kuacha na kuanza kujifunza upya, na njia ikawaleta hadi Mbale, kwa watu waliopitia mkanganyiko huo huo karibu miaka 80 kabla yao. Huko kuna shule ya sekondari ambako watoto wa Kiyahudi, Kikristo na Kiislamu husoma pamoja. Inaitwa Semei Kakungulu.

Swali la ruhusa halijaisha. Mwaka 2016 shirika kubwa la Kiyahudi la Jewish Agency liliitambua jamii ya Abayudaya, lakini wizara ya mambo ya ndani ya Israeli imewahi kuwanyima viza na haki ya kuhamia huko. Wayahudi wa Kasuku, ambao ni wachache zaidi na hawana miaka 100 ya kuonyesha, wanasubiri nyuma yao kwenye foleni hiyo hiyo.

Kakungulu aliwahi kupanga foleni kama hiyo, akingoja Waingereza wamtambue kuwa mfalme. Alingoja miaka mingi na hakuambulia kitu. Alipokuja kwenye dini hakungoja tena. Alianza na alichokuwa nacho, akakubali kusahihishwa, akahakikisha vijana wamejifunza kabla hajaondoka. Ukipita Kasuku Jumamosi asubuhi ukaona shamba la viazi halina mtu, ujue si kwamba wenye shamba wamelala.